Hodi Kutoka Ndani

Dobi alilinusa lile shati mara ya pili, akalinusa tena, kisha akaliweka kando ya beseni na kulikodolea macho. Shati lilikuwa safi. Si usafi wa kufuliwa, maana ndiyo kwanza limevuliwa. Lilikuwa safi utadhani halijapata kuvaliwa. Kola haikuwa na ule utando mweusi wa shingo. Makwapani hakukuwa na alama ya chumvi. Na mwenye shati, kijana waliyemwita Bonge ingawa chakula cha pale kilikwisha kumkondesha siku nyingi, alikuwa ameshinda wiki nzima juani akibeba matofali.

Alilivuta puani kwa mara nyingine. Kulikuwa na harufu kidogo, ya jiwe la moto lililomwagiwa maji.

"Haya, makubwa," alisema peke yake, akalitumbukiza pamoja na mengine.

Ile ilikuwa shule ya kurekebisha wavulana watukutu. Ndivyo kibao cha getini kilivyosema. Watu wa mjini waliiita jela ya watoto, na hawakukosea, kwa sababu ukishaona ukuta umepandwa vipande vya chupa, wanyapara wameshika bakora na watoto wanaitwa kwa namba, sasa hiyo ni shule gani? Zamani hizo za kandili na pasi za mkaa, mtoto hakuhitaji kufanya kubwa ili aingie mle. Kulala barabarani kulitosha. Kumjibu baba wa kambo kulitosha kabisa, na Chiriku aliingia kwa njia hiyo, kwa mdomo wake.

Chiriku alikuwa mtoto wa dada yake Dobi, na pale ndani hapakuwa na mtu aliyelijua hilo. Mfanyakazi mwenye ndugu mle alifukuzwa siku hiyohiyo. Dobi alikuwa ameiomba kazi ya kufua kwa sababu moja tu: dada yake alimshika mikono akamlilia, "Nenda ukanitazamie mwanangu. Unirudishie akiwa mzima." Naye akaahidi. Mbele za watu mtoto alimwita Mama Dobi. Wakibaki wawili penye kamba za kuanikia alimwita mama mdogo, na hapo mdomo ukishafunguka haufungiki: nani kamcheka nani, mnyapara gani anakoroma, ndoto aliyoota na ile aliyotaka kuiota. Jina la Chiriku hakupewa bure.

Kwa hiyo hata siku watoto walipogoma, mdomo wa mgomo ule alikuwa yeye.

Mgomo wenyewe ulianza kwa mwenzao mdogo aliyekuwa na homa. Alidondosha matofali, akachapwa, akaamrishwa kuyaokota, akayaokota, akaanguka nayo. Wenzake wakaweka mizigo chini. Bonge akamsukumia mnyapara mmoja kwenye stoo ya majembe na kumfungia humo, sufuria za maharage yenye wadudu zikapinduliwa, na Chiriku akapanda juu ya meza ya chakula. "Hatubebi hata tofali moja," alisema, "mpaka mwenzetu aletewe daktari." Walishikilia msimamo wao mpaka alasiri, wakiimba. Kisha lori la askari likaja kutoka mjini, na jua lilipozama watoto wote walikuwa wamelala kifudifudi uani, mikono kisogoni. Daktari alikuja pia, kesho yake. Alikuja kuandika cheti cha kifo.

Mkuu wa shule hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema bakora inamchosha mchapaji kuliko mchapwa, akaagiza chumba cha mawe kifunguliwe.

Chumba hicho kilikuwepo kabla ya shule. Waliojenga chumba cha kufulia walikiegemeza hapo ili kuokoa gharama ya ukuta mmoja, kwa hiyo mtu akisimama penye meza ya kupigia pasi, kilichomtenganisha nacho ni mawe tu. Hakikuwa na dirisha. Hakikutumika hata kuwekea kuni, na ukiuliza kwa nini, wafanyakazi wa siku nyingi walianza kuzungumzia mvua.

Waliogoma wakaanza kutiwa humo mmojammoja, gizani, kwa siku kadhaa kila mtu. Kuzungumza nao kulipigwa marufuku. Lakini watoto waliokuja kuchota maji kwenye pipa la Dobi walipita kando ya ukuta ule, na Chiriku, ambaye zamu yake ilikuwa bado, akabuni mchezo. Unagonga jiwe unasema, "Hodi humu." Aliye ndani anajibu, "Karibu, ila kiti hakuna." Basi, mnakimbia na ndoo zenu. Ulikuwa utani wa kitoto, lakini ulimwambia aliye gizani kwamba hajasahauliwa, na kila aliyeingia mle alijua akisikia hodi aseme karibu, hata akiwa usingizini. Dobi mwenyewe alicheka siku ya kwanza. Baadaye alitamani sana asingecheka.

Maana sasa, akiwa ameinamia lile shati la Bonge, alikumbuka kitu. Bonge alipokuwa ndani, saa sita mchana, ua mtupu, watoto wote wako matofalini, Dobi alikuwa akipiga pasi akasikia hodi. Akasikia na Bonge, kwa sauti ya uchovu: "Karibu, ila kiti hakuna." Alichungulia uani amkemee aliyetoroka kazini. Hapakuwa na mtu. Akarudi kwenye pasi yake, na nyuma ya mawe kukasikika kishindo kizito, cha mtu anayeketi.

Wiki ile mashati mawili mengine yalikuja hivyohivyo. Wiki iliyofuata yakawa mengi.

"Mama mdogo, Bonge hanijui," Chiriku alimnong'oneza nyuma ya shuka zilizoanikwa.

"Anakujua, wewe. Amechoka tu."

"Ananijua kama anavyoijua hii kamba. Nilimtania habari za yule mnyapara tuliyemfungia, hakucheka. Anasema 'ndiyo bwana' hata kwangu mimi. Na usiku halali. Ananyooka, macho wazi, anaangalia dari. Wote waliotoka mle wako hivyo. Na wanapumua pamoja, mama mdogo. Wote kwa mkupuo mmoja. Wanavuta, wanatulia, wanatoa. Mimi nalala katikati yao."

Dobi alimshika mabega. Mifupa yake ilikuwa myembamba na ya moto. "Sikiliza. Wakikutia mle, usijibu hodi ya mtu yeyote. Hata nikibisha mimi. Nyamaza kimya."

"Mimi ninyamaze?" Chiriku akajaribu kucheka. "Si afadhali waniue tu."

"Sifanyi mzaha, mwanangu."

"Najua," alisema. "Naogopa, ndiyo maana."

Kutoka siku hiyo Chiriku alijitahidi asionekane. Alibeba matofali mawili zaidi ya wenzake, akafunga mdomo, akatembea ameangalia chini. Haikumsaidia kitu. Mkuu alipouliza mstarini ni nani aliyesimama juu ya meza siku ile, na watoto wote ambao hawajatiwa mle wakatazama vidole vya miguu yao, Bonge alinyoosha mkono taratibu akamwonyesha rafiki yake. Hakuwa na chuki usoni. Hakuwa na chochote.

Dobi aliusikia mlango wa chumba cha mawe ukibamizwa, akasikia na komeo. Angefanya nini? Angemwendea Mkuu aseme huyu ni mwanangu? Angefukuzwa kabla hajamaliza sentensi, na mtoto angebaki peke yake kabisa. Akachukua nguo akaanza kuzifua, akizipiga kwenye jiwe kwa nguvu zake zote na kuimba, wimbo mmoja baada ya mwingine, ili aliye nyuma ya ukuta ajue kwamba yupo. Mnyapara alipita akasema leo Mama Dobi ana raha kweli. Aliimba mpaka sauti ikakauka, akaimba hivyohivyo bila sauti. Kila mnyapara alipokuwa mbali aliegemeza mdomo kwenye mawe akauliza, "Upo?" na Chiriku alijibu kwa kukwaruza kwa kucha, maana ndivyo walivyokubaliana.

Siku ya tatu mke wa Mkuu alimwita nyumbani kwake akafue mapazia. Dobi alisema ana nguo nyingi. Aliambiwa si ombi.

Alikuwa juu ya ngazi anatungua pazia la mwisho mvua ilipoanza kunyesha, mvua ya ghafla na jua likiwa bado linawaka, na harufu ikaingia dirishani, harufu ya jiwe la moto lililomwagiwa maji, nzito, imejaa nyumba nzima, akaliachia pazia likaanguka na fimbo yake, akashuka, akakimbia na miguu mitupu akipita bustani na ua na pipa la maji bila kuangalia nani anamwona, mpaka akaufikia ukuta na kuukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Chiriku. Upo?"

Hakukuwa na kukwaruza. Ilitoka sauti, ya chini, ya mtoto aliyeamka sasa hivi.

"Mama mdogo? Kumbe uko nje?"

"Niko nje. Niko hapa."

"Si umebisha hodi?"

"Lini?"

"Mvua ilipoanza. Ilikuwa sauti yako. Uliniita jina langu la nyumbani, ukasema hodi. Nilidhani wamekufungulia uje unichukue."

Dobi alizidi kujibana ukutani. "Ukasema nini, mwanangu?"

Dobi akagonga jiwe kwa kiganja.

"Chiriku, ulisema nini?"

"Ilikuwa sauti yako, mama mdogo," alisema, na sasa alikuwa analia kwa kunong'ona, akijibana ili mwingine asimsikie, na Dobi akamwuliza kama kuna mtu humo ndani, naye akasema yupo, ameketi karibu yake tangu mvua ilipoanza, hasemi kitu, amemshika mkono tu, mkono wenyewe ni mkavu na mzito na haumwachii, na alikuwa amefurahi jamani, alikuwa amefurahi sana alipoushika kwanza, maana alidhani ni wa mama yake mdogo. Kisha kilio kikakatika. Dobi aligonga mawe mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mnyapara mmoja alimkuta hapo akamrudisha kwenye mapazia akimsukuma, na faini ya fimbo iliyovunjika ikakatwa kwenye mshahara wake.

Walipomtoa, Chiriku alitembea mwenyewe. Alikuja penye kamba akampa Dobi shati lake likiwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. "Asante, Mama Dobi," alisema. Walikuwa wawili tu. Dobi alilipeleka shati puani ingawa alikwisha kujua, akalia ndani ya shati hilo safi, na mtoto akasimama wima akimngoja amalize.

Mchana wa siku hiyohiyo, yule aliyetoka akiwa matofalini na wenzake, na chumba cha mawe kikiwa wazi, kitupu, kinafagiliwa na mnyapara anayepiga mluzi, Dobi aliweka sikio lake ukutani kwa mazoea. Mawe yalikwaruzwa.

"Mama mdogo," ilisema sauti ya Chiriku, si kutoka chumbani, bali kutoka ndani ya ukuta wenyewe, "mbona mmeniacha? Tumejaa huku. Bonge yuko huku. Wote wako huku. Nawasimulia hadithi ila zimeniishia."

Mnyapara hakusikia kitu. Aliendelea kufagia na mluzi wake.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyeleta sabuni za magadi kila mwezi, na mjini ilijulikana ana kazi yake nyingine, ya kupunga majini. Dobi alimngojea kwa hamu ya mgonjwa. Bibi alipofika alitua kikapu, akaweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi akakipuliza kama mtu aliyeungua.

"Hiki hakikuvunja mlango," alisema kwa sauti ndogo. "Kimekaribishwa."

"Watoto walikuwa wanacheza tu, bibi."

"Watoto hawana nyumba hapa, wangemkaribisha nani? Ile karibu yao ilizitoa roho zao tu. Aliyewakabidhi ni yule aliyeshika ufunguo. Huyo asimame mlangoni, akiambie kwa kinywa chake kitoke, kitatoka, na kila mtoto atarudi mwilini mwake." Akainua kikapu chake. "Mimi hata nikisoma mpaka koo linikauke, haitasaidia. Hela yako siitaki. Na ukimwendea huyo bwana, zungumza naye vizuri, maana huna mwingine."

Dobi alimwendea. Alisimama ofisini mbele ya meza akamwambia yote: mashati, pumzi, sauti za ukutani. Akamwambia hata lile la dada yake. Alipiga magoti. Mkuu alikoroga chai yake akamsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, kwa heshima kabisa.

"Mama," alisema, "unadhani mimi sizisikii hizo sauti? Nyumba yangu iko hatua chache kutoka hapo."

Akaweka kijiko kando ya kikombe.

"Nimejaribu bakora. Nimejaribu njaa na jua. Hawa watoto walinifungia mnyapara stooni. Sasa wageni wanatoka mbali kuja kuona ninavyofanya, sijagusa fimbo tangu wagome. Nimepata msaidizi hodari, asiyelala, asiyedai mshahara. Nimwambie atoke?" Alikunywa chai. "Na kwa kuwa umekiri una ndugu humu, kazi huna. Lakini mimi si mtu mbaya. Mchukue. Amenyooka, namwachia kabla ya muda wake. Si ndicho ulichokuja kukitafuta hapa?"

Ndicho alichokuja kukitafuta. Alimwomba basi abaki afue bure, alale popote, apewe makombo, awe karibu na ukuta ule. Mkuu alisema hapana, akaita mnyapara. Akaburutwa kuelekea getini, akiita jina la mtoto kuelekea chumba cha kufulia, na kutoka huko mawe yakaanza kugongwa, kwanza kwa ngumi moja, kisha kwa ngumi nyingi, za watoto wengi, mfululizo, zikizidi kasi kadiri alivyokuwa akienda, na mtoto aliyefanana na Chiriku alitembea kando yake amebeba furushi lake na hakugeuka hata mara moja.

Dada yake aliwapokea kwa vigelegele. Alimkumbatia mwanawe akamzungusha, akamwita kila jina la mapenzi alilolijua, na mtoto akasema, "Shikamoo, mama." Siku zilizofuata alifagia ua kabla hajatumwa, akachanja kuni, akamwitikia baba wa kambo "ndiyo baba" mpaka yule mzee akaona haya. Hakula mpaka aambiwe kula. Majirani walikuja kumtazama. Walisema huyu ndiye yule mwenye mdomo? Kweli?

"Umenirudishia mwanangu," dada yake alimwambia Dobi, akimshika mikono kama siku ile, "na adabu juu."

Dobi alimwambia ukweli, asubuhi moja jikoni, kwa sauti ya chini, kwa sababu yule mtoto alikuwa ukumbini. Alisimulia yote mpaka zile ngumi. Dada yake aliendelea kuchambua mchele. Mikono yake ilisimama mara moja tu, kisha ikaendelea.

"Mdogo wangu," alisema, "hujapata kuzaa, na sikulaumu. Lakini usinitie uchungu kwenye furaha yangu."

"Dada, mwangalie macho."

"Nimemwangalia. Hanijibu ovyo, hanitoroki, halali nje. Nililia miaka mingi kuomba hivyo." Akapepeta ungo. "Na huyu kitindamimba naye ameshaanza. Juzi kavunja dirisha la watu. Nimempelekea habari Mkuu, na Mkuu kakubali kumpokea. Kaka yake anampeleka leo."

Dobi alitoka mbio. Walikuwa wamekwisha kufika kwenye njia, yule mkubwa amemshika mdogo mkono, na mdogo anaruka-ruka kwa furaha ya kusafiri na kaka yake, anauliza maswali hayaishi, mdomo uleule wa ukoo wao. Dobi alimshika mtoto kiunoni akamvuta. Hakuvutika. Ule mkono uliomshika ulikuwa mkavu na mzito.

"Usihangaike, mama mdogo," alisema yule mkubwa kwa upole. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mwenzangu kule ukutani amechoka kusimulia peke yake. Anamlilia mdogo wake."

Dada yake alikuja kwa nyuma, akamshika Dobi mabega, akambembeleza kama anavyobembelezwa mgonjwa, akawaambia watoto waende wasichelewe. Dobi alipiga kelele mpaka watu wakatoka milangoni. Walimtazama kwa huruma. Baba mmoja wa nyumba ya jirani alikuja akimkokota mwanawe aliyekuwa akilia na kujitupa chini, akampita Dobi, akaongeza mwendo ili awafikie wale wawili.

"Subirini, wanangu," aliita. "Hivi huko nafasi bado ipo?"